Kula Mbele ya Mkwe

Siku ya kwanza Maige kumwona Mageni, alikula chakula cha mama huyo na kutafuna mbele ya macho yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Ilikuwa gulioni Tinde, kiangazi cha mwaka wa arobaini na moja, vumbi limesimama barabarani kama ukuta. Maige alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, darasa la nne kichwani na useremala mikononi, tena mwenye haya kupita kiasi. Akisalimiwa na watu watatu kwa pamoja, alimjibu mmoja tu, yule mdogo kuliko wote. Siku hiyo alikuwa ametoka kwao alfajiri, amejitwika mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe, anatafuta mnunuzi. Alipopita kwenye safu ya wanawake waliokuwa wakiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, sauti moja ikamdaka.

"Jamani, mtazameni huyu! Amekuja na mlango. Nyumba ameiacha wapi?"

Safu nzima ikaangua kicheko. Maige alitaka kuinamisha uso, lakini mtu aliyejitwika mlango hawezi kuinama. Ikambidi amtazame msemaji. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, na kicheko chake kilipita kwenye pengo lile kikatoka na mluzi.

"Usikasirike, mwenye mlango," alisema. "Weka mzigo wako ukae. Tangu asubuhi umekula nini?"

"Sijala, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akamkalisha kwenye kivuli cha ule ule mlango, akamwekea michembe iliyochemshwa na karanga juu ya jani. Maige alikula. Mageni alimwangalia akitafuna, akatikisa kichwa.

"Unatafuna kama mbuzi mwenye haya," akasema, na wenzake wakacheka tena. Safari hii hata Maige alicheka, mdomo umejaa.

Nyuma ya mwanamke yule alikuwapo binti yake akifunga magunia bila kuinua macho. Jina lake Limi. Wiki iliyofuata Maige alirudi gulioni bila mlango.

Ng'ombe wa mahari walipokwisha kuingia katika boma la kina Limi, mwaka uliofuata, Mageni alifungwa kwake kama kitabu. Kwa Wasukuma mkwe hatazamwi usoni. Mwanamume hali mbele ya mama wa mke wake, hamshiki mkono, hakai naye mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja wao huingia kichakani. Wala si chuki. Ni heshima, na kadiri heshima inavyokuwa kubwa ndivyo na kichaka kinavyokuwa mbali.

Maige aliishika desturi hiyo kuliko wengi, kwa sababu ilifanana na tabia yake. Alipokaribia boma la wakwe alitoa nyundo kwenye mfuko wake wa kazi, akagonga ubao, ko, ko, ko, ili Mageni apate muda wa kuingia ndani au kujifunika. Chakula chake kilipelekwa nyuma ya ghala. Salamu zilipitia kwa watoto. "Mwambieni mkwe wangu mwangaluka," sauti ingetoka ndani ya nyumba, naye angewajibu watoto kana kwamba wao ndio waliomsalimu. Miaka ikapita hivyo. Aliujua mgongo wa Mageni, aliujua mwendo wake, aliijua miguu yake chini ya upenu wa paa. Uso hakuuona tena. Ila kile kicheko chenye mluzi alikisikia mara kwa mara ukutani, na kila alipokisikia alifurahi kama mtu aliyeitwa jina.

Mwaka wa arobaini na sita alihamia Geita, akaajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu. Hakuchimba. Alikuwa fundi wa magogo yanayoshushwa shimoni kushikilia mwamba usiwaangukie watu. Limi akamfuata na Nkwabi na watoto wengine, wakajenga nje kidogo ya makazi ya wafanyakazi. Mageni alibaki Tinde na mumewe, na mumewe alipofariki akabaki na binti yake mdogo, Paskalia.

Hapo ndipo akaja Kalisti.

Kalisti alikuwa mtu wa upande wa Kilosa, karani wa stoo pale mgodini, mwenye sauti ya kujaza chumba na soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini. Alimwoa Paskalia kanisani mwaka wa hamsini na tatu. Kwa kuwa wameoa mtu na mdogo wake, Kalisti na Maige wakawa wanyumba, na tangu siku ya kwanza Kalisti alimwita hivyo kwa sauti ya juu, "Mwanyumba! Mwanyumba wangu!", akimpiga bega mbele ya watu.

Siku Kalisti alipokwenda Tinde mara ya kwanza akiwa mkwe, Maige naye alikuwapo, amekaa nyuma ya ghala na ugali wake. Akasikia Kalisti anabisha hodi moja kwa moja mlangoni.

"Shikamoo, mama!"

Ndani vikasikika vishindo vya mtu anayetafuta pa kujificha.

"Mama, unakimbia nini? Mimi mtoto wako! Mimi nimelelewa na mapadri, mama sikumjua. Leo Mungu amenipa mama, halafu mama anajificha nyuma ya mtungi?"

Paskalia alicheka. Halafu ukasikika ule mluzi wa pengo. Mageni alikuwa anacheka. Alikuwa ametoka nyuma ya mtungi. Maige akasikia mkeka ukitandikwa, chai ikimiminwa, na Kalisti akisema, "Hapana, mama, tule sahani moja."

Maige alilirudisha tonge kwenye sahani. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekula nyuma ya ghala na kuku wa watu, akidhani amekaa mahali pa heshima. Sasa aliona kwamba palikuwa nyuma ya ghala tu.

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kwake, ukawa unakula naye na kuamka naye. Ulijua kazi yake kuliko yeye alivyoijua ya useremala. Kalisti akimpelekea Mageni kanga, Maige alipiga mahesabu ya rangi zake. Kalisti akirudi Tinde na kusema, "Mama anakusalimu," Maige alijiuliza kwa nini salamu zake zipitie mdomo wa mtu wa Kilosa. Alipokuwa anapiga randa, aliwaza mkono wa Kalisti ukiwa ndani ya mkono wa Mageni.

Mwaka wa hamsini na sita macho ya Mageni yaliingia ukungu. Watu wakasema apelekwe Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni, kuna daktari anayetoa ule ukungu. Kumpeleka kulitaka mtu wa kumshika mkono, kumpandisha lori na kumwongoza mpaka kitandani. Maige, mkwe mkubwa, asingeweza. Kalisti aliweza. Maige alichonga kiti kizuri chenye mikono na kamba za kufungia ndani ya lori, Mageni asirushwerushwe barabarani. Akakaa siku mbili akikipiga msasa. Lori lilipofika Kolandoto, wauguzi walikisifu kile kiti, wakampa Kalisti mkono. Kalisti aliporudi alisimulia jambo hilo akicheka, bila ubaya wowote. "Nikawaambia asanteni, asanteni! Ningefanyaje?"

"Ungewaambia ni cha Maige," Limi alisema.

"Ah, Mama Nkwabi, wao wanamjua Maige?"

Maige alitoka nje akaenda kupanga mbao zilizokwisha kupangwa.

Macho yakapona. Mageni akapewa miwani mizito kama vitako vya chupa, akaletwa Geita kupumzika kwa Paskalia. Sasa likazuka jambo moja kubwa. Mama asingeweza kurudi kukaa peke yake Tinde. Angekaa wapi, kwa Limi au kwa Paskalia?

Kalisti alikuwa na nyumba ya kampuni, ya matofali, sakafu ya saruji, bomba la maji uani. Maige hakuwa na bomba. Lakini alikuwa ameanza kujenga tangu zile habari za ukungu zilipomfikia. Nyuma ya nyumba yake alisimamisha kijumba kidogo cha miti na udongo, na alikijenga kwa namna ambayo jirani zake walisimama kushangaa. Mlango uliipa nyumba kubwa mgongo, ukatazama mashariki, kwenye mashamba. Kijia chake kilizunguka kwenye uzio wa minyaa kikatokea kisimani bila kukutana na kijia cha Maige mahali popote. Hata dirisha alilipandisha juu. Mama mkwe angeweza kuishi humo miaka ishirini, akasikia wajukuu wanacheza na nyundo ya mkwe wake inalia, na wasikutane hata mara moja. Mlango aliuchonga wa mninga.

Hakumwambia mtu alichokuwa anakitaka. Lakini alikitaka kuliko kitu kingine chochote. Alitaka Mageni akae kwake, watu wajue kwamba yule mama alipopewa achague, alimchagua Maige.

Kalisti ndiye aliyetoa wazo la chakula cha mchana. Palikuwa na hoteli Nungwe, kwenye ghuba ya ziwa, karibu na gati la meli za Mwanza. Mwenyewe Mgiriki, nayo ilikuwa na baraza pana la mbao lililotokeza juu ya maji na vitambaa vyeupe mezani. Miaka yote walikula humo Wazungu wa mgodini na wageni wao. Mwaka ule wa hamsini na saba ndio kwanza ilianza kupokea Waafrika, ilimradi mtu awe na viatu na tai.

"Tutasherehekea macho ya mama," Kalisti alisema. "Ale pale, aone ziwa kwa macho yake mapya. Na tukimaliza kula, mama mwenyewe atamke anakaa kwa nani. Mbele yetu sote, pasiwe na maneno ya pembeni. Au vipi, mwanyumba?"

Maige alisema, "Sawa." Hakuwa na tai. Kalisti akamletea moja yake, ya mistari, akamfunga shingoni kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma kumwangalia kama mtu anayemwangalia punda aliyevishwa hatamu mpya. "Umependeza! Ungeoa tena."

Asubuhi ya safari, Limi alimvuta mumewe pembeni. Uso wake ulikuwa na furaha aliyokuwa anaibana.

"Baba Nkwabi, leo kaa kama ulivyo siku zote. Usibadilike."

"Nibadilike niwe nani?"

"Nakuambia tu. Kaa kama ulivyo."

Maige alielewa vibaya. Alidhani anaambiwa asijaribu kulingana na Kalisti, kwamba hata mkewe ameona ni kazi bure. Alipanda nyuma ya lori akiwa amenuna, na tai ikimkaba.

Hotelini waliwekewa meza moja, ndefu, ukingoni kabisa mwa baraza, maji yakipiga nguzo chini yao. Meza moja! Kalisti alivuta kiti cha mwanzo akamkalisha Mageni, akakaa kuliani kwake. Paskalia akakaa, Limi akakaa. Maige alibaki amesimama karibu na ngazi, ameigeuzia meza mgongo, anajifanya anatazama mitumbwi.

Mhudumu aliyewahudumia aliitwa Cornel, Mzinza wa pale pale ufukweni, mwenye mvi, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu. Alimwangalia yule mama aliyevuta kanga usoni, akamwangalia na mwanamume mwenye tai aliyetazama ziwa. Hakuhitaji kuelezwa. Akamsogelea Maige.

"Baba, yule ni mkweo?"

"Ndiyo."

"Nami ninao wakwe. Nimekutandikia meza ndogo nyuma ya nguzo kubwa. Kiti kinatazama jikoni. Utakula chakula kile kile wanachokula wao, wala hakuna atakayekuona."

Maige alimshukuru, akaenda kukaa nyuma ya nguzo. Kwa mtu mwingine mambo yangeishia pale. Lakini masikio hayana nguzo.

"Hii shuka mbona wameitandika mezani?" Mageni alikuwa anauliza. "Nani amelala hapa?"

"Ni kitambaa cha meza, mama," Paskalia alisema.

"Haya. Nilidhani kuna mgonjwa."

Ikaja supu.

"Supu gani hii unaona mpaka chini ya bakuli? Kuku wao alivuka tu juu ya maji, hakuzama."

Kalisti alicheka mpaka akapiga meza. "Mama, Mgiriki akusikie!"

"Anisikie. Akija Tinde nitampa mlenda ajue kitu kizito."

Ule mluzi ukapita juu ya maji, ukamfikia Maige nyuma ya nguzo yake, na haukumfurahisha hata kidogo. Kila mzaha ulimwendea Kalisti. Maige aliinua kijiko, asinywe. Mbele yake, karibu na mlango wa jikoni, palikuwa na dirisha la kioo, na ndani ya kioo kile aliiona meza yote iliyokuwa nyuma yake, ndogo na angavu. Alijua hapaswi kutazama. Alitazama.

Cornel alikuwa amepeleka samaki. Kila mtu sato mzima, kichwa na mkia, amelazwa juu ya viazi. Mageni alishika uma kama mtu anayeshika jembe dogo. Kalisti akamnyang'anya kwa upole, akavuta sahani yake, akaanza kumtolea miba. Alitoa moja moja, akaipanga ukingoni mwa sahani, na alipomaliza akachukua kipande cheupe, laini, akakiweka mkononi mwa Mageni. Mageni akala. Akamgusa Kalisti shavuni kwa nyuma ya kiganja.

Kijiko kilimwanguka Maige.

Cornel alikuwa anapita na sahani ya Maige. Maige akasimama akaipokea mikononi mwake.

"Baba, kaa, nitakuwekea."

"Nakula na wenzangu."

"Baba," Cornel alisema polepole, "yule ni mkweo."

"Na yule aliyekaa naye ni nani? Si mkwewe pia?"

"Yule mimi simjui anakotoka. Wewe nimekujua ulipogeuka tu pale ngazini."

Maige hakusikiliza. Alitoka nyuma ya nguzo na sahani yake, viatu vikilia juu ya mbao, akafika mezani akavuta kiti kilichokuwa kitupu. Kilikuwa upande wa kushoto wa Mageni, karibu naye kama kile cha Kalisti. Limi alinyosha mkono kumzuia, akachelewa. Maige akakaa. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mitano akamwona Mageni. Alikuwa amezeeka. Nyuma ya ile miwani macho yake yalikuwa makubwa kama ya samaki, na yalikuwa yanamtazama yeye, kwa sababu hayakuwa yamepata muda wa kwenda kwingine. Hakuna nyundo iliyogongwa.

Maige alimega sato kwa mkono, akatia mdomoni, akatafuna. Na kwa kuwa ameshaanza, na kwa kuwa Kalisti alikuwa akizungumza naye kila siku, akazungumza.

"Mayu," alisema, mdomo umejaa, "samaki huyu ni mtamu."

Kalisti alipiga makofi. "Hewala! Leo mwanyumba ametoka kichakani! Si nilisema? Dunia imebadilika!"

Hakuna aliyecheka naye. Paskalia alikuwa ameinamia sahani. Limi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Mageni alivuta kanga mpaka chini ya paji la uso, akasimama, akakigeuza kiti chake kwa mikono yake mwenyewe, akakaa tena akiwa ameipa meza mgongo na ziwa uso. Akavua miwani akaiweka mapajani. Wakati huo meli ya Mwanza ilikuwa inaingia gatini, ikapiga honi ndefu iliyotikisa glasi, na wote waliokuwapo waliona shavu la Mageni likicheza, wakajua amesema kitu. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote, kwa jinsi kiti kilivyogeuka, alikuwa Maige. Yeye peke yake ndiye aliyesikia. Akaacha kutafuna.

Honi ilipokwisha, Kalisti alijaribu kuichangamsha meza. "Haya, mama, basi tuambie. Utakaa wapi?"

Mageni aliongea na ziwa. "Limi, mwanangu. Nitakaa kwa Paskalia."

Limi akaanza kulia pale pale, machozi yakidondokea viazi.

Walirudi Geita bila mtu kuimba. Nyumbani Maige alijivua tai, akaiviringisha, akamkabidhi mkewe.

"Mrudishie mwenyewe. Ameshinda."

"Ameshinda nini?" Limi aligeuka kwa hasira ambayo Maige hakuwahi kuiona. "Jana mama alikuja hapa ukiwa kazini. Nilimtembeza kwenye kile kijumba. Aliupapasa mlango kwa mkono, akauliza, umetazama wapi? Nikamwambia, umetazama mashariki, kwetu hapaonekani. Akacheka! Akasema, huyu ndiye mkwe niliyempa binti. Akaniambia atatamka mwenyewe hotelini, nisimwahi. Nami asubuhi nikakuambia kaa kama ulivyo. Sikukuambia?"

"Lakini yule anakula naye sahani moja."

"Yule ni mgeni wetu! Mgeni hajui, mgeni anasamehewa, mgeni anachekewa. Mama angekaa vipi uani kwako sasa? Amekwisha kukuona unatafuna. Atapita wapi asikumbuke?"

Maige alikaa chini kwenye kizingiti. Alikuwa ameivunja mwenyewe ile heshima aliyoitunza miaka kumi na mitano, kwa samaki mmoja.

Alifanya yaliyotakiwa kufanywa. Alitafuta mbuzi jike asiye na doa, na jembe jipya, akavipeleka kwa Kalisti kwa mkono wa mwanawe Nkwabi, kuliondoa kosa. Mageni alivipokea. Neno likaletwa kwamba yamekwisha. Lakini alikuwa ameshapazoea kwa Paskalia, maji ya bomba yalikuwa karibu, na miguu ilikuwa inauma. Kijumba cha mlango wa mashariki kikageuzwa ghala la mbao. Maige aliendelea kupita njia ya mbali, na alipolazimika kupita karibu na nyumba ya Kalisti alitoa nyundo akagonga ubao, ko, ko, ko. Mara nyingine alisikia mluzi wa pengo ukikatika ghafla, na vishindo vya mtu anayejifunika. Hakumsikia tena akisema neno lolote lililomlenga yeye.

Mageni alifariki mvua za mwaka wa hamsini na tisa. Maige alimtengenezea sanduku. Hakwenda kupima. Urefu wake alikuwa anaujua tangu gulioni. Walimsafirisha mpaka Tinde wakamzika kando ya mumewe.

Walipokuwa wanafukia, Kalisti alimfuata Maige chini ya mti alikosimama. Alikuwa amekonda, soksi zimemwangukia. Hakumpiga bega.

"Mwanyumba," alisema kwa sauti ndogo, "nataka kukuuliza jambo. Mimi nimekaa naye miaka miwili. Amekula na mimi, amecheka na mimi, nilimkata kucha. Lakini kila ulipogonga ule ubao wako alikuwa anaacha kila kitu. Hata tonge analiweka chini. Anavuta kanga, anatulia kama mtu aliye kanisani, mpaka upite. Mimi hakunifunikia uso hata siku moja." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Siku ile Nungwe meli ilipolia, alikuambia kitu. Paskalia nimemuuliza hajui. Limi hajui. Alikuambia nini?"

Maige alimtazama. Aliuona ule wivu, aliujua vizuri, ni wake mwenyewe, umehamia tu nyumba nyingine. Angeweza kumwambia. Pengine ingempunguzia mwenzake. Lakini Kalisti alikuwa na kicheko, na sahani, na kiganja shavuni, na miaka miwili. Maige alikuwa na maneno machache tu, na hakutaka kuyagawa.

"Yalikuwa ya mtu na mkwewe," akasema, akachukua koleo kwenda kuwasaidia wanaofukia.

Hakumwambia Kalisti, hakumwambia Limi. Aliyatunza peke yake kama mtu anavyotunza msumari mzuri mfukoni, akiupapasa wakati wa kazi kuona kama bado upo. Mageni alikuwa amesema polepole, uso kwenye maji, miwani mapajani, bila hasira yoyote:

"Kula, mwenye mlango. Mimi nimegeuka."